Bluu Ilibaki Bluu

Jumatano jioni, Gatongora

Eti nani aliniambia niandike nilichoona!

Hayo ndiyo maneno ya mwalimu wa baiokemia mbele ya darasa zima, na watu wakacheka. Tulikuwa tunapima sukari kwenye juisi ya ndizi. Ile dawa ya bluu ikichemshwa na sukari hugeuka nyekundu kama tofali, hata mtoto wa sekondari anajua. Lakini leo stima ilipotea, na gesi ya maabara iliisha tangu wiki jana. Hakuna kilichochemka. Bluu ilibaki bluu kwa kila mtu.

Basi wenzangu wakaandika "nyekundu". Wote! Mimi nikaandika bluu, na sababu yake. Nikapewa sufuri.

"Majibu yanajulikana," akaniambia. "Andika upya, ulete kesho asubuhi."

Wambui, tunayekaa naye chumba kimoja, hata haoni shida. "Si uandike tu, Njeri? Unajitafutia nini?" Kisha akaniachia daftari lake hapa kitandani ninakili. Kwa roho safi kabisa. Hiyo ndiyo inaniudhi zaidi.

Na naogopa. Nikifeli hili somo, nitamwambia nani nyumbani, na nitaanza aje...

Mwaka ujao tunapelekwa hospitalini kujifunza kazi. Tutapima watu kweli. Mama hutoka Ngoliba kila mwezi kuja Thika kupimwa sukari, na ile karatasi anayopewa huikunja vizuri na kuiweka ndani ya Biblia.