Bembea ya Baba Inarudi Tupu

Landy, dada, uko? Mimi na mama tumetoka kwa daktari sasa hivi.

Kolesteroli ya mama imepanda tena. Nimemnyima nyama ya nguruwe, hata cochinita, ile ya kuokwa ya Jumapili, maharage namchemshia bila tone la mafuta, na bado imepanda.

Daktari akamuuliza, "Doña Nidia, usingizi unaupata?" Mama akamjibu, "Tangu mzee afariki, silali."

Silali. Naishi naye nyumba moja, Landy, na sikujua.

Kumbe miaka yote walipolala kwenye bembea zao za kulalia, yeye alikuwa akiisukuma ya baba kwa mguu mpaka usingizi unamchukua mwenyewe. Hajaiondoa ukutani mpaka leo. Anaisukuma tupu, inamrudia haraka mno.

Daktari anasema kutolala nako huenda kunachangia, eti ajitahidi kulala. Ajitahidi vipi? Usingizi unauzwa duka gani?

Tulipofika nyumbani nikajilaza kwenye bembea ya baba. Nikamwambia, "Haya mama, sukuma."

Akasukuma mara mbili, akaacha.

"Inuka tu, mwanangu. Wewe hukoromi."

Nimejaribu kukoroma, Landy. Nimejaribu kweli.