Majibu Niliyomkaririsha Gyu-tae

Daegu,
22 Novemba

Mpendwa mdogo wangu Pil-ho,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii. Mgongo wako unaendeleaje, na joto la Vietnam umelizoea? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananisumbua. Kabichi za kuchachusha za kimchi ziko kwenye chumvi tangu juzi, sina moyo wa kuzimalizia.

Kaa chini kwanza. Ni habari za mwanao Gyu-tae. Yu hai, niko naye hapa nyumbani.

Unajua kampuni nne zilimkataa, zote kwenye ule mtihani wa tabia wanaowapa waomba kazi. Nikanunua kitabu cha mazoezi, nikawa namnoa kila asubuhi.

"Huwa unakata tamaa?"

"Hapana kabisa, shangazi."

"Haya, jibu kwa nguvu, usininong'onee!"

Akakariri maswali yote mia tatu. Nikajiona mjanja kweli.

Wiki iliyopita nikagundua hali chakula, na amegawa vitabu vyake vyote, na lile gitaa ulilomwachia. Nikaingiwa na hofu, nikamburuta hospitali. Wakampa fomu ya maswali. Daktari Bang akaisoma: mchangamfu, hana dalili ya hatari. Nikashusha pumzi, nikamwambia Gyu-tae twende zetu tukale supu.

Ndipo nikaiona ile fomu mezani. Jamani, Pil-ho! Yalikuwa majibu yangu ya kile kitabu, swali kwa swali. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikasema, "Daktari, hayo si yake. Nimemkaririsha mimi."

Daktari akaisukuma fomu kando, akamuuliza waziwazi kama huwa anafikiria kujiua. Mwanao akanigeukia mimi, akangoja nimpe jibu.

"Sema lako, mwanangu," nikamwambia.

Akamgeukia daktari. Kisha akasema, "Kila siku."

Ameanza matibabu, na kesho kutwa tunarudi kwa daktari. Daktari ameagiza asiachwe peke yake hata dakika moja, nami simwachi. Lakini nimemharibia, ananiogopa. Wewe ndiye baba yake. Omba ruhusa uje, na kabla hujapanda ndege mpigie leo hii. Habari za kazi usiziguse kabisa.

Mjomba Chun-bae na mkewe wanakusalimu. Mungu akufikishe salama.

Na Gyu-tae akikuambia hajambo, usiridhike. Muulize tena.

Dada yako anayekupenda na kukungoja,
Mal-sun