Mashahidi wa Kicheko

Baba mtoto mpenzi,

Mwanao ameota jino la pili, ananing'ata bila huruma.

Uliniandikia unavyowafundisha vijana wa kanisa la huko kwamba Injili ni za kuaminika, maana mashahidi wanapishana kwenye madogo, ila kwenye kubwa wanakubaliana. Nilikuelewa vizuri.

Sasa, kaka yako na shangazi yako wametoka kukutembelea. Kaka anasema mwalimu mwenzako wa kike hapo kanisani ni mwembamba, shangazi anasema amejaa. Ila wote wanasema dada huyo akicheka, wewe unasahau ulipofikia kwenye somo. "Shemeji, mimi sijasema kitu," kaka yako kaniomba.

Moyo unaniwaka, lakini bado nakuamini. Jumapili tunakuja. Utafundisha huku umempakata mwanao, nami nitakaa benchi la mbele, nimsikie dada huyo anavyocheka.

Wako, nawe wangu,
Mama mtoto