Koleo Jeusi la Mjomba Rashidi

Mjomba,

Siku hizi nikikohoa tu mlangoni, redio za Msambweni zinaanza kusema zenyewe. Wallahi sikudanganyi. Juzi mzee mmoja wa Ramisi aliniletea redio yake imekufa ganzi. Nikaitazama kwa jicho la kushoto peke yake, la kulia nililipumzisha, nayo ikatoa taarabu. Mzee akauliza nimeifanya nini. Nikamwambia nimeikaripia tu. Kutoka Likoni mpaka Vanga hakuna fundi kama mimi, na ng'ambo ya Vanga sijafika, lakini nasikia mafundi wa huko hawalali vizuri.

Shikamoo. Nimetanguliza majivuno nikaacha adabu nyuma, ila wewe ulinizoea. Marahaba yako siitazamii. Hata ulipokuwa hai uliitikia ukiwa na waya mdomoni, mimi nikapata nusu ya neno, nusu nyingine ikabaki na waya.

Sasa nikupe habari za nyumbani. Nzuri hazipo.

Arobaini yako ilipokwisha, wazee walikaa barazani kugawa ulichoacha. Unatujua sisi Wadigo na shida zetu. Wa kuukeni wakasema mali ya mjomba ni ya mpwa, mtoto wa dada yake, ndivyo walivyofanya babu zetu. Wa kuumeni wakasema sisi ni Waislamu, mke yupo, watoto wa kuzaa wapo, na mafungu yao Mwenyezi Mungu ameshayataja. Mama yangu, dada yako, alikuwa nyuma ya mlango ameuma upindo wa leso. Mimi nilikuwa uani najifanya nachota maji, nimenyoosha shingo kama bata.

Sharia ikashinda. Sibishani nayo. Wewe ndiye uliyenifundisha kutawadha kabla hujanifundisha kulehemu. Neno nililonalo ni jinsi walivyogawa. Wangeweza kuviacha vyombo vyako pamoja wakakubaliana thamani. Hapana, kila mmoja alitaka kitu cha marehemu cha kushika mkononi. Basi sanduku likafunguliwa juu ya mkeka likachinjwa kama mbuzi. Mkazamjomba, mkeo, akapata tupa. Binti yako Mwanakombo akapata chuma cha kulehemu. Bakari, mwanao wa Samburu, kwa kuwa mwanamume hupata mara mbili, akapata koleo jeusi na bisibisi. Mimi niliyevipangusa kwa mafuta kila jioni nikapata pole na ufagio wa banda. Mzee mmoja akanipiga bega akaniambia ufundi umo kichwani. Nilitaka kumwuliza kama na yeye analima kwa kichwa.

Banda waliniachia kwa kuwa paa linavuja. Redio za watu zikajipanga rafuni na vumbi juu yake, na wenyewe wakipita wananiuliza vipi. Nikawa nawaambia spea zinatoka Mombasa. Zingekuwa zinatoka Bombay zingekwisha fika. Watu wakaanza kuzifuata redio zao moja moja kuzipeleka mjini, kwa upole, kama wanaomwondoa mtoto kwenye nyumba ya mgonjwa. Nikaona nikikaa hivi, jina lako litafutika Msambweni kabla ya mvua nyingine.

Nikaenda mjini kununua vyombo vyangu. Hapa utacheka au utanizaba kofi. Maneno yako nilikuwa nayo yote. Koleo, ulisema, lifumbe uliinue kwenye jua, na ukiona mwanga unapenya kwenye ncha, rudisha. Lifungue na ulifunge, na likicheza kwenye kiungo kama jino la mzee, rudisha. Kisha pitisha tupa mahali pasipoonekana, usikilize inavyosema. Na la kung'aa ulikuwa ukilishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hiki kimepakwa," unamwambia mwenye duka, "nieleze kimepakwa kuficha nini." Mwenye duka anakasirika, wewe unatabasamu, mimi natamani ardhi ipasuke.

Lakini mimi tupa sikuwa nayo. Ilikuwa kwa mkazamjomba inaparua magamba ya samaki changu. Na yule muuzaji, ulimi wake una asali, aliniita fundi mkubwa. Mjomba, wewe hukuniita hivyo hata siku moja. Nikanunua. Bisibisi ilipokutana na skrubu ya kwanza yenye kutu ikajisokota kama tambi. Koleo lilikuwa linang'aa mpaka unajiona meno. Nilipokuja kulijaribu nyumbani kwa tupa ya kuazima, chini ya mng'aro nikakuta chuma cha kumimina, kile cha kukatika upesi, kina chembechembe kama sukari. Halikuwa koleo. Lilikuwa picha ya koleo. Nikalifunga kwenye kitambaa nikaliweka, nikaamua vyako nivirudishe kimoja kimoja, hata kwa kutambaa.

Nilianza na mkazamjomba. Anakusalimu, au angekusalimu kama angejua nakuandikia. Nilimtengenezea kiparuzo cha bati lililotobolewa misumari, kikala magamba kuliko tupa, akafurahi, tupa ikarudi. Akanipa na kopo lako la chai lenye zile taa za kioo za ndani ya redio. Hakuna aliyelitaka kwenye mirathi, walidhani ni chupa tupu za dawa. Nikakaa nazo kizingitini nikizitoa kwenye pamba. Unakumbuka ulivyozichagua? Ule utando wa fedha ulio ndani ya kioo ukigeuka mweupe, hewa imeingia, taa imekufa hata kama kioo ni kizima. Nilipokuja kukuona hospitalini niliyatazama macho yako kwa namna hiyohiyo. Basi. Tuliache hilo.

Gazi kwa Mwanakombo ndiko nilikochekwa. Mumewe alikuwa anatobolea maboya ya nyavu kwa chuma chako cha kulehemu. Ameuchovya ule uso wa shaba kwenye makaa mpaka umekuwa kama kisigino. Ile shaba uliyoipima mkononi kati ya nyingi, ukachagua nzito kuliko zote, kwa kuwa nyepesi hupoa kabla risasi ya kulehemia haijayeyuka. Nikamwambia shemeji, kazi hiyo hata ufito wa chuma unaiweza. Akasema, basi lete huo ufito. Nikaleta. Mwanakombo alipokuwa ananifungia chuma kwenye ukindu, akaniuliza kama kweli siku za mwisho ulikuwa ukimtaja. Nikasema ndiyo. Hilo lilikuwa kweli. Ulimtaja.

Ikabaki Samburu.

Wewe hukunipeleka kule hata mara moja. Nilipanda lori la mtu wa ng'ombe, nikafika nimekuwa mwekundu kama tofali. Bakari anaziba mipira ya malori kando ya barabara. Nilimtambua akiwa amenipa mgongo, Mjomba, ana kisogo chako. Nikakasirika. Nikasema kumbe hata kisogo kiligawanywa na mimi sikuitwa. Koleo lako alikuwa analo mkononi, anang'oa msumari kwenye mpira, amelishika vibaya, karibu na mdomo, kama mtu anayemkaba kuku. Akalala njaa nikashiba, nadhani, maana sufuria ilikuwa ndogo. Chai yake ya maziwa ya mbuzi si mbaya. Mama yake, mkeo wa zamani, akauliza habari za pwani kama mtu anayeulizia nyumba aliyohama zamani, na hakukutaja.

Nilipomwomba koleo akalifuta kwenye shati lake, akaniambia polepole, wala hakugomba, "Wewe ulikuwa naye kila siku. Mimi nilikuwa naye Idi kwa Idi. Niachie hili."

Tulizungumza, na mwisho wake tukabadilishana. Mimi nikamwachia lile la kung'aa, nikaondoka na jeusi na bisibisi juu yake. Hajui kuchagua. Aliliona linang'aa akaridhika, na mimi nikapanda lori naimba. Fundi huwa na macho, Mjomba, na wasio fundi huwa na bahati mbaya.

Sasa sanduku limekamilika. Rafu imejaa tena. Hata waliopeleka redio zao mjini wamezirudisha, wanasema huko walirekebishiwa zikawa zinakoroma. Koleo lako linakata waya mwembamba kama unywele bila kuutafuna. Naliinua kwenye jua kila asubuhi. Hakuna mwanga unaopenya.

Lakini nina neno na wewe, na kwa kuwa huwezi kunikatiza, nitalisema. Siku uliyonunua koleo hili tulisimama dukani tangu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Uliyapanga makoleo mezani, ukayainua, ukayasikiliza, ukayanusa. Mwenye duka akachoka akakuletea kiti. Kondensa ya nta, kile kipuri kidogo cha redio, ikitoka jasho kidogo tu, hutaki hata kuifunga kwenye karatasi. Kipande cha waya ulikipa muda. Na nani wa kubaki na sanduku, hukutenga hata dakika ya kuchagua. Kila nilipokuuliza ulisema tutaona. Umeona? Ulipokuwa unanipa mimi siku zako zote, ulifikiri Bakari anapewa nini? Ulijua mila inavuta huku na sharia inavuta kule, ukaweka waya mdomoni ukanyamaza. Ukatuachia sisi tuvutane. Nimekasirika na wewe, Mjomba. Nakaa kwenye kiti chako nimekasirika na wewe, na mteja akija natabasamu, kama ulivyonifundisha.

Haya. Nimesema, yamekwisha. Lala, Mjomba Rashidi. Mwenyezi Mungu akupanulie hapo ulipo, akutie nuru ambayo haihitaji betri. Nakuahidi paa nitaliezeka kabla ya masika. Nakuahidi banda halitafungwa nikiwa na mikono miwili, na hakuna chombo kitakachoingia sandukuni kwa sababu ya sura yake. Mama nitamtunza, hilo usiniulize.

Ningemalizia hapo. Nilikwisha kunja karatasi. Nimeikunjua.

Habari ya Samburu sikukupa yote. Bakari hakulichagua lile la kung'aa. Alikataa. Nilimsihi, nikamtania, nikamwambia anakukaba wewe shingo kila anapolishika vile, akakataa. Ndipo nilipotoa kile kitambaa mfukoni. Nikamwambia hili la kung'aa ndilo ulilomwekea yeye. Kwamba hukulitumia hata siku moja, ulilificha chini ya sanduku, ukaniambia, "Hili ni la Bakari."

Akaenda kunawa, Mjomba. Alinawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akajifuta, ndipo akanyoosha mikono yote miwili kulipokea. Akaniuliza ulisema lini. Nikamtajia siku. Akaniuliza ulisemaje hasa, nikaiga sauti yako, na unajua ninavyoijua kuiga. Akacheka. Kisha akageuka akatazama barabara. Na lile jeusi akanipa mwenyewe, bila kuombwa tena, akasema la kazi ni haki yangu.

Wiki iliyopita alikuja Msambweni. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni na vumbi la safari yote ile, amelishika lile la kung'aa kwenye kitambaa kilekile, vipande viwili. Akaeleza kwamba alikuwa halitumii, alilitundika juu ya kitanda, ila siku hiyo dereva alikuwa na haraka na msumari ulikuwa mgumu. Akasema hajui amelishikaje mpaka likavunjika. Akasema mikono yake ni mizito, hakuzoea vitu vizuri.

"Nisamehe, ndugu yangu," akaniambia. "Kitu alichoniachia baba, nimekivunja."

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Hapakuwa na mteja. Nilifungua mdomo, Mjomba, na kilichotoka ni kwamba hakuna neno, vitu huvunjika, nimekwisha msamehe.

Akanishukuru.