Stima Ikirudi, Mimi Hufumba Macho

Lakini habari ya waya sikukueleza, Bi. Jacinta, kwa sababu barua yangu ile ya kwanza uliyoichapa hapa gazetini ilikuwa ya furaha tupu, ya bibi harusi aliyepata bwana anayemwimbia akisonga ugali, na sikutaka kuiharibu, na kusema kweli furaha hiyo ningali nayo, nampenda Ondiek mpaka nikisikia viatu vyake kwenye geti la ploti tunayopanga moyo unaruka kama wa msichana wa Form Two, ila sasa kando ya furaha kumeingia hofu, na hofu hiyo inalala katikati yetu kitandani, tafadhali nishike mkono maana sina mwingine wa kumwambia.

Mimi hupamba makanisa na kumbi za harusi. Nilianza na harusi yetu wenyewe, nikakata majina yetu na mioyo miwili kwa kisu cha jikoni kutoka kwa ile sponji nyeupe ngumu inayokuja ndani ya boksi la televisheni, ile inayolia kwii ukiipitishia kisu na kumwaga punje zinazong'ang'ania nguo, na watu wakapenda, wakaanza kuniita. Ondiek ni karani wa stoo katika shamba moja la maua huko Isinya, basi akawa ananiletea masanduku meupe yaliyotupwa, na jioni moja akanikuta nimejikata kidole nikihangaika na herufi S, akakifunga kidole changu kwa leso yake mwenyewe na kusema, "Caren, mke wangu hatakata kitu kwa kisu tena. Nitakuundia kitu kinachopita ndani ya sponji kama kwa blue band." Bi. Jacinta, ni mume gani mwingine husema hivyo?

Na akaunda. Alipigilia mbao tatu zikawa kama goli dogo la mpira, na kati ya milingoti miwili akavuta waya mwembamba alioutoa kwenye koili ya jiko la umeme lililokufa. Waya ukipata stima unakuwa moto, unausukumia sponji, na sponji inakatika bila punje hata moja, kingo laini kama shavu la mtoto. Mwanzo alipouunganisha moja kwa moja na soketi waya ulikatika papo hapo, kwa hivyo akafanya stima ipite kwanza ndani ya pasi, ile pasi shangazi yangu alitupa zawadi siku ya harusi, ati pasi imeze nguvu nyingine kabla haijafika kwa waya. Pasi inakaa juu ya tofali kando ya ukuta, imewaka, na hakuna nguo inayopigwa.

Kazi yangu ni kusimama kwa soketi. Yeye anashika sponji na kuita, "Washa, mama!" nami nawasha, "Zima!" nami nazima, na tangu siku hiyo jina langu ni Swichi, ananiita hivyo hata mbele ya mchungaji, na mimi nilikuwa nayeyuka kila nikilisikia.

Sasa unajua vile ukame wa mwaka huu umetuletea mgao wa stima. Jioni moja ilipotea tukiwa katikati ya jina la bibi harusi mmoja. Ondiek akasema atumie huo muda kuukaza waya, maana ukishika moto hulegea kama kamba ya nguo. Nikammulikia kwa koroboi, nikawa namtazama vile anavyouma ulimi akifanya kazi, Bi. Jacinta, nilikuwa namtazama tu mume wangu, sikukumbuka kwamba soketi bado iko on, na yeye pia hakukumbuka. Stima ikarudi. Ploti nzima ikashangilia, watoto wakapiga ile kelele yao, "Imeruuudi!" na ndani ya kelele hiyo Ondiek alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu, akarushwa nyuma, akaangusha rafu yote ya vyombo.

Jirani yetu Mbeke aliita kutoka upande wa pili wa ukuta, "Caren! Mnapigana mapema hivi? Hata mwaka hamjamaliza!" Nikamjibu kwamba rafu imeanguka, huku nimeshika kichwa cha bwana yangu. Alipofungua macho alicheka. "Mama, si nilikuwa sijasema washa," akasema. Kwenye kiganja chake cha kulia kuna mstari mweusi kama uliochorwa kwa makaa. Akaniapisha nisimwambie mtu yeyote, hasa mama yake.

Tangu hapo stima ikirudi wengine wanashangilia, mimi hufumba macho na kusikiliza kama anapumua. Hata akiwa Isinya kazini, hata nikijua hayupo nyumbani.

Nikafanya ujanja. Alipotoka nilifungua ile plagi, nikatoa fyuzi, nikaificha ndani ya kopo la majani chai, nikidhani mashine ikinyamaza siku mbili tatu atachoka nayo. Aliporudi akajaribu, kimya. Akafungua plagi, akachungulia. "Ai! Panya wa Kitengela wamesoma siku hizi, wanakula fyuzi!" Na kabla sijapata neno alikuwa ameokota nje karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, akaikunja, akaisokota mahali pa fyuzi, waya ukawaka. Akanibusu shavu. "Mwanaume ni kutafuta njia, Swichi." Nikawasha. Nikazima.

Juzi Mzee Parsaoti, mwenye ploti, alisimama mlangoni akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nikaitika, "Iko," kisha akainua pua kwa harufu ya sponji iliyoungua. "Mama, unapika nini humu? Hata fisi atakataa." Nikasema chakula kimeungua. "Basi badilisha," akasema akicheka, "utamuua huyo kijana." Alikuwa anatania, Bi. Jacinta. Niliingia ndani nikakaa chini sakafuni.

Na sasa mwisho wa mwezi kuna harusi kubwa Mashuuru, wanataka majina yenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na Ondiek anaunda goli kubwa kuliko la kwanza, na fundi wa makochi hapo kwa barabara ya Namanga amemwomba amkatie pia sponji za viti. Siku ya kufundwa kwangu mama mkwe alinishika magoti akasema mwaka wa kwanza mke asimkataze mume kazi ya mikono yake, maana mkono uliokatazwa nyumbani hutafuta kazi nyumba nyingine. Na hiki kifaa ni zawadi yangu, aliniundia mimi, nikikikataa si nimemkataa yeye? Na nikimwambia ya fyuzi, ataniamini tena? Siku hizi hata harufu ya chai sitaki, sijui ni hofu. Nimwambie, au ninyamaze niendelee kusimama hapo kwa soketi nikiomba Mungu?

Ni mimi, Swichi Wake, Kitengela.

BI. JACINTA ANAJIBU

Swichi, kabla hujasoma mstari wa pili, weka gazeti chini uende ung'oe ile plagi kutoka ukutani. Usizime tu. Ng'oa. Nakungoja.

Umerudi? Sasa tuongee.

Majina nimeyabadilisha, ila bwana yako akisoma atajijua, na heri ajijue. Hapa mezani pangu huletwa barua za waume walevi, waume wa ngumi, waume waliopotelea kwa mwingine. Wewe umeniletea mume mwema, na ndiyo maana barua yako imeniogopesha kuliko zote. Mume mbaya mtu humkimbia. Huyu wako unasimama kando yake ukimwashia.

Pole, mwanangu. Ile sauti uliyoisikia haitoki masikioni upesi, najua. Lakini sasa vumilia nikugombeze. Ulimwondoa mlinzi mlangoni ukitumaini mwenye nyumba ataogopa kulala. Hakuogopa, alilala mlango wazi. Fyuzi ndiyo ingekatika waya za nyumba zikizidiwa, kabla ukuta haujashika moto, na nyuma ya ukuta huo kuna Mbeke na watoto wanaoshangilia. Tena usijidanganye kwamba ukiirudisha mambo yamekwisha. Fyuzi huilinda nyumba, haiulindi mkono. Mkono ulioshika waya ulio uchi hauna mlinzi, uwe na fyuzi usiwe nayo.

Barua yako nilimsomea Maweu, fundi wa redio wa hapa mtaani kwetu. Alisikiliza mpaka mahali pa pasi, akaweka kikombe chini. Anasema kukata sponji kwa waya moto si wazimu, watu hufanya. Wazimu ni kuutoa moto huo kwa soketi. Pasi inapunguza joto la waya, basi. Ile nguvu ya kuua inabaki pale pale, imekaa kwenye waya inamngoja mtu. Waya kama huo ulishwe na betri ya gari, na fundi anayejua apime urefu wake na aweke fyuzi yake hapo hapo kwenye betri. Ukitoa moshi au ukiwa mwekundu, umezidi. Upande mmoja ufungwe kwa springi, ndipo ukilegea ujikaze wenyewe bila kidole cha Ondiek kuusogelea. Na betri haijui mgao. Haitapotea, wala haitarudi ghafla. Hilo mwambie kwanza, maana mwanaume wa kutafuta njia hupenda kuonyeshwa njia.

Kazi hiyo ifanyiwe nje penye upepo, na upepo Kitengela mnao wa kugawa. Sponji za fundi wa makochi asiziguse kabisa kwa waya moto. Hiyo sponji ya godoro na viti ikiungua moshi wake ni sumu kali. Fundi atumie kisu chake kirefu kama zamani. Na wewe, hiyo harufu ya chai nimeisoma mara mbili. Nenda zahanati ukapimwe, na hata kabla ya majibu, ukiona moshi wa sponji ya aina yoyote, ondoka.

Mama mkwe wako nampa heshima yake. Alisema usimkataze mwanawe kazi ya mikono. Hakusema umsaidie kuipoteza hiyo mikono. Ungempigia magoti leo ukamwonyesha kile kiganja chenye mstari mweusi, unadhani angekuambia unyamaze? Angefika Kitengela bila viatu.

Kwa hivyo utasema. Usiseme akiwa na nyundo mkononi, wala mbele ya Mbeke. Ngoja awe ameshiba, kukiwa mchana, umwekee fyuzi mezani kando ya sahani. Mwambie hivi: "Hii niliitoa mimi, si panya. Niliitoa kwa sababu stima ikirudi mimi hufumba macho." Kisha nyamaza. Usiongeze machozi, usiongeze nisamehe. Mwache aitazame. Huenda akakasirika siku moja, na akikasirika atakuwa hai. Akicheka na kutaka kuendelea, hapo ndipo utatumia ile nguvu uliyo nayo na huijui. Wewe ndiwe swichi. Mwambie hutasimama kwa soketi tena, leo wala kesho, na asitafute jirani wa kusimama mahali pako. Kukataa soketi si kukataa zawadi. Zawadi yako haikuwa waya. Ilikuwa ile leso.

Na harusi ya Mashuuru? Betri isipopatikana kwa wakati, kateni kwa kisu, ninyi wawili, mfagie punje usiku kucha. Punje za sponji hazijamzika mtu.

Umeandika namba ya ploti nyuma ya bahasha, nadhani ulitaka niione. Dada yangu yuko Isinya, na njia yangu ya kwenda kwake inapita hapo kwenu. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja. Usinipikie chai, unaichukia. Nitabisha hodi tu, na nataka anifungulie Ondiek mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia.