Mkono wa Pili Kwenye Kizibo

14 Mei

Mjukuu wangu Kidole,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Mimi ni mzima, goti tu ndilo halina adabu. Wewe je, unalala? Unakula, au unadanganya tumbo kwa chai? Anayeandika ni Fundi, jirani yetu wa cherehani, na karatasi ameiweka juu ya gauni la watu. Mimi nasema, yeye anaandika. Akichanganya maneno yake utamjua, maana yeye ni mpole. Simu sitaki. Simu ukishakata, mkononi hakibaki kitu.

Nimefurahi umepata kazi ya kufua kwenye hoteli. Mikono unayo. Ila umeondoka na ndala zangu, mwizi wewe. Asubuhi nzima nilikuwa namsingizia mbwa.

Pipa letu la pombe ya matufaha limetulia. Ulipoondoka lilikuwa linatoa povu na kunong'ona kama wagonjwa wodini. Sasa kimya. Juzi nimekigongea kizibo kwa nyundo ya mbao, mkono mmoja, kwa sababu siku ya kukichomoa mkono wa pili ni wako. Nimeligonga kwa vidole kuanzia juu mpaka chini, sauti nzito mtindo mmoja. Limejaa hadi mdomoni. Lakini mbao zinakunywa, unajua. Taratibu pombe itapungua, hewa itajikalia mle ndani kama mgeni asiyeaga, na hewa ikikaa sana pombe ya matufaha inageuka siki. Umesema Agosti utakuja. Agosti itatukuta salama.

Kula.

Bibi yako


22 Juni

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limerudi shuleni likafundishwa adabu. Mimi sijambo, nimekonda kidogo, usianze.

Kazi ni shuka, Bibi. Shuka asubuhi, shuka mchana. Zinatoka kwenye mashine nzito kama mtu aliyezimia, tunazivuta wawili wawili, mmoja huku mmoja kule, tunazikung'uta hadi mabega yanalia. Mwenzangu wa upande wa pili ananiuliza mikono hii niliipata wapi. Nikamwambia kuna bibi mmoja ana kikamulio cha matufaha. Ndala zako ndizo navaa kazini, sakafu haikauki.

Sasa sikia, usicheke. Nimetengeneza pombe ya matufaha chumbani kwangu. Nimenunua juisi ya boksi, nikaitia kwenye ndoo yenye mfuniko, nikaweka hamira ya mkate. Mfuniko nimeutoboa nikapitisha mpira mwembamba, mwisho wake umezama kwenye chupa ya maji. Inatoa mapovu vizuri. Shida ni harufu. Inanuka yai bovu, na mwenye nyumba ameniuliza kama choo kimeziba. Nifanyeje?

Kuhusu Agosti, likizo bado sijaambiwa.

Msalimie Fundi.

Mjukuu wako, Kidole


10 Julai

Kidole,

Nimepata barua, nimecheka hadi Fundi akadondosha sindano. Salamu zako zimefika. Goti bado ni lile lile.

Juisi ya boksi! Mtoto aliyelelewa chini ya mti wa matufaha, aliyepewa jina kwa kuchovya kidole kwenye kila beseni la juisi, leo anakwenda dukani na boksi. Haya. Harufu ya yai bovu si kifo. Hamira ya mkate ina pupa, ikiona joto inakimbia, ikikimbia inajamba. Fundi hataki kuandika neno hilo. Nimemwambia aliandike. Ihamishe ndoo, iweke sakafuni kwenye pembe yenye baridi, mbali na dirisha linaloingiza jua. Usikoroge. Mapovu yakiisha, ihamishie chombo kingine polepole, na yale mashapo ya chini uyaache pale pale, usiyafanyie huruma. Kisha ngoja. Harufu itaondoka yenyewe. Na usikaze kizibo cha chupa kabla haijanyamaza kabisa, itakupasukia usoni na uso huo ndio pekee ulio nao.

Nimeligonga pipa. Sauti ya utupu imeshuka hadi pete ya kwanza ya chuma. Najua dawa yake. Ningekichomoa kizibo, nikaongeza juisi, nikafunga. Lakini sheria unaijua. Babu yako na kaka yake walikuwa wezi wote wawili, hakuna aliyemwamini mwenzake, ndiyo wakaapa kwamba waliokamua pamoja watachomoa kizibo pamoja. Ilianza kwa wizi. Walipozeeka walikuwa wakishika kizibo kile mkono juu ya mkono, wanacheka kama mazuzu, hakuna hata anayekumbuka kuonja. Mwaka huu tumekamua mimi na wewe. Basi.

Agosti, basi. Nimekutandikia kitanda.

Bibi yako


19 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Habari za hapo, habari za Fundi? Mimi niko salama.

Ushauri wako umefanya kazi. Harufu imeondoka na pombe imetulia, ina rangi ya chai nyepesi. Jumapili niliwaita wenzangu wa kazini, tukaijaribu. Bibi, waliisifu. Mmoja alisema hajawahi kunywa kitu kama hicho, mwingine ameniomba nimfundishe. Nimeanza ndoo ya pili. Nilijisikia mtu.

Likizo haikupatikana. Hoteli imejaa, msimamizi kasema hakuna anayetoka. Kwa hiyo Bibi, usiliache pipa liharibike kwa ajili yangu. Mwambie Fundi akusaidie, chomoeni kizibo, mjaze au mnywe. Babu na kaka yake wameshatangulia, hakuna atakayekudai. Ni pombe tu.

Nakupenda.

Mjukuu wako


1 Septemba

Kidole,

Salamu. Niko hai.

Fundi amenisomea. Nilimwomba arudie maneno matatu ya mwisho kabla ya hilo la kunipenda.

Nimesikia.

Sitalifungua.

Bibi yako


11 Novemba

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umenuna, sijapata hata neno lako tangu Septemba. Nilisema vibaya. Afya yangu njema, yako naiombea.

Nimepata ruhusa. Nakuja Jumamosi ya tarehe 30. Basi linafika mchana. Usipike vingi, pipa tu linatosha. Nitakuletea chupa ya pombe yangu uitukane uso kwa uso.

Mjukuu wako, Kidole


8 Desemba

Kidole,

Hujambo? Nauliza kweli, sio salamu. Nilidhani umeumia njiani. Fundi alikwenda kutafuta habari zako kituoni. Aliambiwa basi lilifika salama na abiria wote wameshuka.

Nikueleze ilivyokuwa, maana hukuwepo. Nilivaa gauni la bluu alilonishonea Fundi kwa siku hiyo, la kola, nikafanana na mke wa hakimu. Majirani walikuja kila mtu na kikombe chake, kama zamani. Tulikaa uani tukizunguka pipa. Walinitania kwamba nimelilinda kama bikira. Nikawajibu. Mchana ulipita. Tukaanza kuzungumza mambo yasiyo na maana, bei ya hiki, mguu wa yule. Kila lango la mtaani likilia tunageuka wote. Baadaye wa kwanza akasema ana nguo za kuanua. Wa pili akasema ana mgonjwa. Waliondoka mmoja mmoja na vikombe vyao vikavu, na kila aliyeondoka alinigusa bega. Nilichukia kuguswa bega kuliko chochote.

Alibaki Fundi. Aliniambia, "Bibi, tulifungue, mimi nitashika upande wa pili." Nikamjibu, "Wewe ulikamua?" Akavua miwani akaifuta. Hata sasa ameacha kuandika, anafuta miwani. Andika, Fundi, hatujamaliza.

Nimeligonga. Utupu umefika pete ya tatu. Nikisogeza pua kwenye kizibo nasikia ukali. Bado si siki kamili, ila mlangoni imeshafika.

Sikuulizi kwa nini hukuja. Nakuambia useme. Na usinitajie msimamizi. Msimamizi hakuandika barua ile, uliiandika wewe.

Bibi yako


20 Januari

Bibi,

Shikamoo. Fundi, tafadhali msomee yote, usiruke.

Sikuumia. Siku ile nilikuwa kituoni. Begi mkononi, chupa nimeifunga kwa taulo, tiketi nimeshika. Basi likaja, watu wakapanda, kondakta akaniuliza, "Dada, wewe vipi?" Nikamwambia namsubiri mtu. Nilikaa kwenye benchi nikaliangalia likigeuza, likaondoka. Kisha nikarudi chumbani nikalala na viatu.

Nikija hutaniacha nirudi, Bibi. Huo ndio ukweli. Asubuhi ile ninaondoka nilivitafuta viatu vyangu kila mahali. Vya ngozi, ambavyo nilivinunua kwa ajili ya safari. Nilivikuta? Hapana, sikuvikuta. Wewe ulikuwa jikoni unaniambia labda mbwa amevibeba, na mikono yako ilikuwa inanuka machicha ya matufaha. Nilijua uko navyo wapi. Ningeingiza mkono kwenye kapu la machicha ningevitoa. Lakini ningevitoa ungeniangalia, na ukiniangalia mimi huwa nabaki. Ndivyo nilivyobaki miaka miwili iliyotangulia. Ndiyo nikavaa ndala zako zilizokuwa mlangoni, nikatoka unachemsha maji.

Na kitu kingine. Mimi sikukamua kwa kupenda. Nilikamua kwa sababu mama yangu alikuachia mimi na hakurudi, na mikono yako ilikuwa imeanza kutetemeka, na mkono wa kikamulio ulikuwa unakushinda. Hapakuwa na mtu mwingine. Ndoo yangu ni mbovu, najua. Juisi ya boksi. Lakini ile naitengeneza kwa kutaka. Hakuna anayenisubiri nayo.

Ninakupenda hadi napata hasira. Sijui niseme vipi.

Mjukuu wako


9 Machi

Mjukuu wangu Kidole,

Salamu zikufikie. Goti ni bovu, moyo ni mbovu zaidi, meno mazima. Kikohozi ulichokuwa nacho zamani cha asubuhi kimeisha? Huko kwenye mvuke jifunge kitambaa kifuani.

Fundi alisoma yote. Alitaka kuruka mahali, nikamwona. Sijui kusoma barua, lakini macho ya mtu najua yanavyoruka mstari. Nikamrudisha. Alisoma mara mbili, nami nikaenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshakula.

Viatu nilivificha. Ningeweza ningevificha tena, na safari hii nisingekuachia ndala mlangoni. Usitegemee niombe msamaha. Mama yako niliwahi kumpakia begi mwenyewe, nikampigia viatu rangi, nikamsindikiza hadi barabarani. Ndivyo nilivyojifunza kuficha viatu.

Lakini hilo la kukamua sikulijua. Nilikuwa nakuona umekunja mikono ya shati, jasho linatiririka, umeng'ang'ania ule mkono wa chuma, nikawa najiambia, huyu ameipenda kazi. Kumbe ulikuwa unanihurumia. Mtu angenipiga kofi ningejua la kufanya.

Juzi nimekichomoa kizibo. Peke yangu. Fundi nilimwambia asimame mlangoni na asiingie. Kilikuwa kigumu, nimetumia mikono yangu yote miwili, ndiyo hesabu imetimia. Nilichovya kikombe. Siki, Kidole. Siki safi, kali, inayokata ulimi, haina hata kumbukumbu ya utamu. Nimeinywa kikombe kizima kwa hasira hadi machozi yakanitoka, na Fundi akisema nililia usimwamini, ni ukali.

Sikuimwaga. Nimeigawa kwa majirani kwenye vile vile vikombe vyao, waitie kwenye vitunguu. Fundi anasafishia vioo. Yako nimeitia kwenye chupa, imo humu kwenye kifurushi. Siki haiharibiki, utakaa nayo miaka. Lakini sikia vizuri: iweke jikoni, mbali na ndoo yako. Tone moja likiingia mle, au hata kijiko kimoja kikichangiwa, ndoo nzima itageuka. Usiziweke pamoja. Pombe yako iache iwe yako.

Matufaha yameanza kudondoka. Mwaka huu sikamui. Nimewaita wenye watoto waokote, yaliyobaki ni ya ndege. Kikamulio nimekipaka mafuta, nikakifunika gunia. Sikukipaka kwa kukungoja. Chuma kikiachwa hivi hivi kinapata kutu, hiyo ndiyo sababu, na Fundi asikodoe macho.

Viatu vyako pia vimo kwenye kifurushi. Nimevisugua kwa sabuni, nimevianika kivulini, nimevipaka rangi mara tatu. Ndani bado vinanuka matufaha kidogo, hiyo imenishinda. Vivae kazini, vivae popote, miguu ni yako.

Ndala zangu bado unazo. Nazitaka. Unaweza kuzituma, unaweza kuzileta. Sitauliza kwa nini.

Bibi yako