Senene Waliopewa Kamba

Lindi, Jumatatu

Mke wangu Mama Anitha,

Habari za nyumbani kwetu Kimuli, na habari za hasira zako? Anitha hajambo? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila moyo haujatulia tangu uliponikatia simu. Kwa kuwa hupokei tena, naandika.

Uliniuliza senene ulionitumia walikuwaje, nikasema sijaonja. Najua kwenu Muleba mume asiyekula senene wa mkewe na kumpa nguo amemdharau mbele ya watu. Mimi sijakudharau. Sikiliza yaliyonipata.

Hapa tunafuga kamba, wale wadudu wa baharini wenye sharubu kama za mende. Tuna mtaalamu wa chakula chao, bwana mmoja anayepiga pasi suruali ya kwenda kwenye tope. Kopo lako lilipofika alishika pua. "Nyie watu wa Kagera bado mnakula panzi?" Na wakati huo anafyonza kichwa cha kamba. Nilimwacha na ujinga wake. Kopo nikaliweka stoo penye ubaridi, niwale Jumapili nimetulia, kwa heshima yako.

Wiki hiyo hiyo ofisi ikasema dagaa wa kusaga tunaowalisha kamba wamepanda bei, zijaribiwe protini za wadudu. Basi aliyeshika pua akageuka mhubiri. Mara funza wa nzi, mara nyenje, mara panzi, utadhani kawaumba yeye. Jumamosi nikakuta kopo langu tupu. Senene wako kawamwaga kwenye tangi la majaribio, na aibu hana. "Wazuri sana," ananiambia, "tayari wametolewa mabawa." Vidole vyako vilivyonyonyoa hakuviwaza. Kitunguu na pilipili navyo hakuviona. Msomi mzima anawapa mifugo kitoweo cha mtu.

Ndipo ukapiga simu, nami nimeshika kopo tupu. Ningekujibu nini?

Ulipokata nikaenda kwenye tangi. Kamba wenyewe walikuwa wamewakataa, senene wanaelea na mafuta yao, na mtaalamu anasema eti kamba hawajazoea ladha. Nikachukua wavu, nikawaopoa, nikaketi hapo hapo ukingoni nikawala wote mbele yake, wamelowa maji ya bahari. Akauliza kama nina akili timamu. Nikamwambia, "Mke wangu hakuwanyonyolea kamba." Akaondoka na suruali yake.

Mpe mama shikamoo yangu. Mbusu Anitha. Yule kaka yako anayekuchochea urudi Muleba, msalimie pia, umwambie atangulie yeye.

Kitenge kilichoifunga barua hii ndicho nguo yako ya senene. Kivae Jumapili kanisani, upite polepole mbele ya waliokucheka. Wakiuliza, waambie mume wangu alikula, hakubakiza hata mguu.

Halafu pokea simu.

Mumeo,
Baba Anitha